Meko ya Mawe Sebuleni: Yapakwe Rangi au Yaachwe?

Nyumba za Nyanda za Baridi – Sehemu ya Tatu

Mwezi wa Julai ukifika Limuru, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hulala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne asubuhi na watu husogeza viti karibu na moto. Nyumba nyingi za zamani za huko, kama zilivyo nyingine za Karen, Kericho, Lushoto na Mufindi, zina meko ya mawe sebuleni. Waliozijenga walitoka nchi za theluji na hawakuweza kuwaza sebule isiyo na moto. Wenyewe wameondoka, meko yamebaki. Mnunuzi wa leo huyatazama, akaona ukuta mzima wa mawe ya kijivu yaliyofubaa, mdomo uliojaa masizi na rafu nzito ya mbao, na wazo la kwanza linalomjia ni kumwita fundi rangi ayafanye meupe.

Baada ya sakafu na dari tulizozijadili katika sehemu mbili zilizopita, meko ndiyo yanayostahili kufikiriwa polepole zaidi. Ukuta wa lipu ukipakwa rangi mbaya leo, mwakani utapakwa nyingine. Jiwe lililofunguka vitundu hunywa rangi hadi ndani, na kuitoa ni kazi ya dawa kali, brashi na siku nyingi, na hata hivyo mabaki hujificha katika kila kipenyo. Wanaojaribu njia ya mkato kwa kupuliza mchanga kwa mashine huondoa rangi pamoja na uso wa jiwe lenyewe.

Kwa hiyo jiwe lijulikane kwanza. Mawe mengi ya kujengea ya Nairobi na viunga vyake, yakiwemo ya machimbo ya Ndarugu upande wa Juja na yale ya Njiru, ni majivu ya volkano yaliyogandamana zamani sana. Ni mepesi kuchonga, na kwa sababu hiyohiyo hunywa maji. Njia rahisi ya kulipima ni tone la maji. Likidondoshwa juu ya jiwe likatoweka na kuacha doa jeusi, jiwe liko wazi. Likisimama kama shanga au likateremka bila kuacha alama, kuna mtu aliyewahi kulipaka vanishi, na hapo chokaa haitashika na rangi ya maji itabanduka isipotanguliwa na msasa na praima inayofaa. Jaribio hili lifanywe sehemu tatu au nne za meko, kwa sababu mafundi wa zamani hawakuwa wakipaka sawasawa.

Jiwe lililo wazi hupokea unyevu na kuutoa. Meko yaliyojengwa kwenye ukuta wa nje hupata maji ya mvua kupitia dohani, kupitia viungo vya saruji vilivyopasuka, na wakati mwingine kutoka ardhini. Yakifunikwa kwa rangi ya mafuta au rangi nzito ya maji inayokauka kuwa utando wa plastiki, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi iliyomo ndani ya jiwe husukumwa hadi nyuma ya utando, na baada ya msimu mmoja au miwili rangi huvimba na kudondoka magamba.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili vizuri kuliko wa bara. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Mawe yale hayakukusudiwa kuonekana. Saruji ilipoanza kutumika kuzikarabati, kuta zikashindwa kupumua, lipu ikaanza kutoka mabapa, na wahifadhi wa majengo wakalazimika kuirudia chokaa.

Chokaa inatajwa hapa kwa sababu ndiyo dawa bora ya meko ya jiwe lililo wazi. Mawe ya chokaa au matumbawe huchomwa katika tanuri kwa joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa ikatoka. Yakimwagiwa maji huchemka na kuvunjika kuwa ujiuji. Ujiuji huo ukizimuliwa mpaka uwe mwepesi kama maziwa na kupakwa, huivuta tena hewa ya ukaa kutoka chumbani na kurudi kuwa jiwe. Hauketi juu kama ngozi, hushikamana na kilichoko chini. Hupakwa mkono mwembamba juu ya mwembamba, mitatu hadi mitano, jiwe likiwa limeloweshwa kidogo na kila mkono ukiachwa siku nzima. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi karibu hauonekani, na mafundi wasioizoea huongeza unene hapohapo; ikikauka huwa nyeupe, na ile nene hupasuka. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo.

Kupaka meko meupe si mtindo wa juzi. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts anayefahamika zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alichapisha maelezo ya namna ya kutengeneza meko yasiyojaza moshi nyumbani. Alishauri tumbo la meko lisiwe na kina kirefu, kuta za pembeni zielekezwe chumbani, na koo la dohani libanwe. Kisha akaongeza kwamba kuta hizo za pembeni, kama ni za matofali au mawe madogo, zipigwe lipu nyembamba na kupakwa chokaa, kwa kuwa cheupe hurudisha joto chumbani na cheusi hulimeza. Hesabu yake ilikuwa ya kuni, wala si ya urembo.

Urembo ulipata watetezi wake huko Sussex, Uingereza. Wachoraji Vanessa Bell na Duncan Grant walihamia nyumba ya shambani iitwayo Charleston mwaka 1916, wakapaka milango, makabati na mizunguko ya meko kwa maua, duara na maumbo ya watu. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na hakuna anayesema meko yale yangependeza zaidi yakiwa matupu. Upande wa pili wa hoja uko Pennsylvania, Marekani, katika Fallingwater, nyumba aliyoibuni Frank Lloyd Wright mwaka 1935 kwa ajili ya familia ya Kaufmann. Meko yake yamekaa juu ya mwamba uliokuwa hapo kabla ya nyumba, ukatokeza sakafuni. Sakafu ya mawe inayouzunguka husuguliwa nta ikang'aa kama maji, mwamba wenyewe ukaachwa mkavu. Kupaka rangi mwamba ule kungekuwa uharibifu mtupu.

Meko mengi yapo katikati ya hayo mawili. Yaliyochongwa kwa mkono na fundi aliyejua kazi yake, jiwe likikaa juu ya jiwe kwa mpangilio, yaoshwe na kuachwa. Mara nyingi kinacholaumiwa kuwa rangi mbaya ya jiwe ni uchafu wa miaka hamsini. Yaliyojengwa ovyo kwa vipande visivyolingana, au kwa zile slabu za saruji zilizotiwa rangi ziigize mawe, hayana cha kupoteza.

Kuosha kwenyewe kunataka subira. Majivu hutolewa baada ya siku kadhaa bila moto, maana kaa linaweza kuishi chini yake zaidi ya siku moja. Masizi hufagiliwa makavu kwanza, kisha jiwe husuguliwa kwa brashi ngumu ya nyuzi, maji ya moto na soda ya kufulia, na kusuuzwa mara mbili. Brashi ya waya huacha vichembe vya chuma vitakavyofanya kutu. Madoa ya kahawia ya lami ya moshi hayaishi kwa sabuni. Yakipakwa rangi ya maji juu yake, baada ya wiki hujitokeza tena. Mahali hapo hutakiwa praima ya kuzuia madoa, ile ya mafuta au ya shelaki.

Doa jeusi lililopanda juu ya mdomo wa meko lina habari yake: moshi unarudi chumbani. Kanuni ya mafundi ni kwamba tundu la dohani lisipungue takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo. Lisipotosha, au likiwa limezibwa na viota, rangi mpya itakuwa nyeusi kabla ya Septemba.

Ndani, panapowaka moto, rangi ya kawaida haina nafasi. Huungua na kutoa harufu mbaya na mvuke usiofaa kuvutwa. Kuna rangi maalumu zinazostahimili hadi nyuzi 650, nyingi zikiwa nyeusi, na hizo ndizo za humo. Meko yaliyokwisha kupakwa zamani yasipigwe msasa kabla ya kupimwa. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978, Kenya nayo imeweka kikomo cha sehemu 90 katika milioni, lakini rangi iliyopakwa kabla ya sheria bado iko ukutani, na vumbi lake huwadhuru zaidi watoto wanaotambaa.

Anayesitasita aanze na chokaa nyembamba kwenye jiwe moja la pembeni, aliangalie wiki nzima, mchana kwa mwanga wa dirisha na usiku kwa taa. Sehemu ya nne itapanda darini hadi kwenye dohani. Mwenye meko yaliyokaa miaka bila kuwashwa asiyawashe kabla dohani hilo halijakaguliwa na kusafishwa.