Hesabu ya Milimita Nne

Wapo walimu wanaodhani karakana ni makao ya walioshindwa na hisabati. Na waitazame injini ya Datsun, ya ukoo wa ile 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, yenye silinda sita katika mstari mmoja. Ile ya baadaye, L28, ina kipenyo cha milimita 86 na mpigo wa 79: sentimita mchemraba 2,753. Mafundi wa karakana za nyumbani huitoa krankishafti yake, wakatia ya injini ya dizeli, LD28, yenye mpigo wa 83. Ujazo hupanda hadi 2,893, na silinda hazikuchongwa hata kidogo.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mpigo umeongezeka milimita nne, hivyo pistoni hupanda mbili zaidi na kushuka mbili zaidi. Asiyetafuta pistoni fupi, au mikono mifupi ya kuishikilia, ataigongesha kwenye kichwa cha injini siku ile ile ya kuiwasha. Nusu ya nne! Mtoto wa shule ya msingi aijua.

Mwalimu mwenzangu, kaombe krankishafti kuukuu kwa fundi jirani, uilete darasani, wanafunzi waipime wenyewe.