Winchi ya Gari Iangaliwe Kabla ya Masika

Masika yakianza, barabara nyingi za vijijini hukatika. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali, hulainika na kunata. Gari likiingia humo huzama mpaka ekseli. Kwa sababu hiyo, baadhi ya magari ya kazi za vijijini, kama Land Rover na Toyota Land Cruiser, yamefungwa mashine ya kuvuta kwenye bampa la mbele. Mashine hiyo huitwa winchi. Dereva hufunga kamba yake kwenye mti, hubonyeza kitufe, na gari hujivuta lenyewe kutoka topeni.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Lakini mara nyingi kitufe hubonyezwa na hakuna kinachotokea.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ndani ya gari la ofisi moja. Tulikuwa tunapeleka chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Chanjo hiyo lazima ikae katika baridi mpaka saa ya kuchanja. Wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe wao tangu alfajiri. Tulikwama kilomita nne tu kabla ya kufika. Winchi ililia "tak" mara moja, ikanyamaza. Tulitoka saa kumi jioni kwa majembe, matawi ya miti na nguvu za vijana wa kijiji. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na chanjo haikuweza kuaminika tena. Ng'ombe walirudi mazizini bila kuchanjwa. Mzee mmoja alituuliza, "Mabwana, hiyo mashine ya mbele mmeiweka kwa urembo?" Hakuna aliyemjibu.

Winchi ile ilipofunguliwa baadaye, ndani yake mlikuwa na maji na kutu. Meno ya gia yalikuwa mazima kabisa. Mashine haikuwa imechoka kwa kazi. Ilikuwa imeoza kwa kukaa.

Mimi ni bwana shamba, si fundi makanika. Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kushika taa na spana pembeni ya fundi, na kwa kusoma kitabu cha mashine. Nayaandika kwa ajili ya madereva, matandiboi, na wajumbe wa kamati za vijiji na vyama vya ushirika wanaosimamia magari. Hata wewe usiye na gari, siku moja gari la zahanati litatumwa kumchukua mgonjwa wa nyumbani kwako.

WINCHI NI NINI

Watu wa kijijini wanaijua winchi ya mkono hata kama hawaiiti hivyo. Ni lile gogo la kisimani lenye mpini. Ukizungusha mpini, kamba hujiviringisha juu ya gogo na ndoo hupanda. Winchi ya umeme ni hivyo hivyo. Mahali pa gogo pana ngoma ya chuma. Mahali pa mkono wako pana mota, inayopata umeme kutoka betri ya gari. Katikati yao pana giaboksi. Mota huzunguka upesi sana lakini haina nguvu ya kutosha. Gia hupunguza mwendo wake, na kwa njia hiyo nguvu huongezeka. Ipo pia breki, ambayo huzuia ngoma isirudi nyuma mzigo ukivuta.

Winchi moja inayojulikana sana ni Warn 8274 ya Marekani. Jina lake linasomeka kwa urahisi. Tarakimu 8 ni ratili 8,000 za kuvuta, yaani kama kilo 3,600. Tarakimu 74 ni mwaka 1974 ilipoanza kutengenezwa. Siku hizi zipo za aina nyingi, na nyingi ni za umbo fupi, mota upande mmoja wa ngoma na giaboksi upande wa pili.

Nguvu inayoandikwa kwenye mashine hupatikana pale kamba inapobaki tabaka moja tu juu ya ngoma. Kamba ikiwa imejaa tabaka nne, nguvu hupungua karibu theluthi moja. Kwa hiyo ukikwama sana, tafuta mti wa mbali, si wa karibu.

Tena, mashine hii hula umeme kwa wingi. Ikivuta kwa nguvu zake zote, hula ampea 400 au zaidi. Taa mbili kubwa za mbele za gari hula kama ampea 9 au 10 tu. Ndiyo maana injini lazima iwe inaunguruma wakati wa kuvuta. Ndiyo maana pia unavuta kwa muda mfupi, kisha unapumzisha mota ipoe. Ukiigusa ikakuunguza, umechelewa kuipumzisha.

MAJI HUINGIAJE

Watu husema, "Mashine imefungwa vizuri, maji yatapita wapi?" Yanapita. Winchi ikifanya kazi hupata moto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Kisha gari linaingia mtoni. Chuma hupoa ghafla, hewa husinyaa, na giaboksi hunyonya kama mtoto anyonyavyo. Sili ikiwa imezeeka, maji hupita penye sili. Yakiingia hayana njia ya kutoka. Yatakaa humo kiangazi chote, miezi sita au saba, huku dereva anaiona winchi yake nzuri kwa nje kwa sababu ameipaka rangi.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Usikimbilie spana. Washa injini, bonyeza kitufe, na usikilize. Kama husikii kitu chochote, ubaya huenda uko kwenye kitufe, kwenye waya wake, au kwenye waya wa hasi. Kama unasikia "tak" lakini ngoma haizunguki, swichi kubwa zinafanya kazi angalau nusu. Swichi hizo huitwa solenoidi. Hapo chunguza betri kwanza, halafu vichwa vya waya nene. Mara nyingi utakuta unga wa kijani au mweupe. Usafishe kwa brashi ya waya, kaza nati, jaribu tena. Nimeona winchi iliyosemekana imekufa ikafufuka kwa kazi hiyo ya dakika kumi. Kumbuka tu kuondoa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa vichwa hivyo.

Lakini hata kama inazunguka, ikiwa imevuka mito na matope msimu mzima, iondoe uitazame ndani. Kazi hiyo ifanyike wakati wa kiangazi, kwa raha, juu ya meza, si kwenye tope na mvua.

KUIONDOA

Simamisha gari mahali tambarare. Vuta breki ya mkono. Toa kamba yote kwenye ngoma na uitenge pembeni. Sasa ondoa waya wa hasi kwenye betri. Huo ndio wa kwanza, na wakati wa kurudisha utakuwa wa mwisho. Ukianza na wa chanya, spana yako ikagusa bodi ya gari, cheche zitaruka na betri inaweza kulipuka. Usifanye mzaha na jambo hili.

Waya nene zinazokwenda kwenye mota ni tatu au zaidi, na kwa macho zinafanana. Kabla ya kufungua hata moja, chukua karatasi na uchore. Funga kipande cha kitambaa kwenye kila waya na uandike namba. Anayesema atakumbuka kichwani, mwachie ya kwake. Waya zikibadilishana, ngoma itazunguka kinyume, na katika winchi nyingi za umbo fupi breki haitashika mzigo.

Kwa chini utaona bolti zinazoshika winchi kwenye kitako chake. Nyingi zina bolti nne. Hapa ndipo kazi huwa ngumu. Mwili wa winchi ni wa aluminiamu na bolti ni za chuma. Vitu hivyo viwili vikikutana na maji hung'ang'aniana. Usitumie nguvu za ubishi. Tia mafuta ya kulegeza kutu jioni, ziache zilale, asubuhi gonga kichwa cha bolti polepole kwa nyundo, kisha jaribu. Ikilegea kidogo, irudishe ndani, uilegeze tena, mpaka iachie. Bolti ikikatikia ndani utahitaji kutoboa kwa keki, na kazi ya siku moja itakuwa ya wiki.

Winchi ina uzito kama wa nusu gunia la mahindi. Washike watu wawili, na pawe na jeki au gogo chini yake.

NDANI YAKE

Piga alama ya rangi au ya patasi mahali kifuniko cha mota kinapokutana na mwili. Fungua bolti ndefu, na uvute kifuniko polepole. Humo mna vipande vya kaboni ambavyo mafundi huviita brashi. Kila kimoja husukumwa na springi ndogo. Brashi hupeleka umeme kwenye pete ya shaba inayozunguka. Zikikwama kwa kutu hazigusi shaba, na mota haizunguki. Hilo ndilo lililokuwa limeipata ile winchi ya chanjo. Safisha nafasi ya brashi mpaka iteleze bila kukwama. Kama zimekuwa fupi sana, nunua mpya. Shaba isugue kwa msasa laini wa karatasi, kisha pulizia vumbi lote litoke. Usipake grisi wala mafuta hapo.

Giaboksi ukiifungua, tazama rangi ya grisi. Ikiwa kama ilivyotoka koponi, ashukuriwe aliyefunga sili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Itoe yote. Osha gia kwa mafuta ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto na sigara. Petroli isitumike. Zikaushe kabisa, uzikague meno, ndipo utie grisi mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ipake kwenye meno na kwenye beringi, usiijaze kama mfuko wa sukari. Sili na pete za mpira zilizotolewa zisirudishwe. Mpya ni za bei ndogo ukilinganisha na mota.

Breki ni jambo la pekee. Katika winchi nyingi fupi imefichwa ndani ya ngoma. Ikiguswa na grisi haitashika, na gari lililo mlimani litarudi bondeni. Futa mikono kabla ya kuisogelea. Ikiwa imechakaa, huyo ni mgonjwa wa fundi, si wa dereva.

KAMBA

Kamba ya chuma ikaguliwe kwa kitambaa au ukiwa umevaa glavu nene. Nyuzi zilizokatika hunasa kitambaa. Ikiwa na nyuzi nyingi zilizokatika, au imejikunja kama kiwiko, itupwe. Kamba iliyovutwa kwa nguvu ikikatika hurudi kama mjeledi, nayo inaweza kuua. Wakati wa kuvuta, lazeni koti zito au blanketi juu yake, na watu wote wakae mbali, hasa watoto, maana gari likikwama kijijini hujaa watoto. Isitolewe yote wakati wa kuvuta. Kamba ya chuma ibaki angalau mizunguko mitano juu ya ngoma. Mti nao ufungwe kwa mkanda mpana, si kwa kamba yenyewe, ambayo hukata gome na kuuua mti.

Kuna kifaa kimoja ambacho magari mengi hayana, nacho ni kapi. Kamba ikipita kwenye kapi lililofungwa mtini, na ndoano ikarudi kwenye gari, nguvu ya kuvuta huwa karibu mara mbili. Mwendo hupungua nusu, na mota haichemki upesi. Kama kamati ina fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, ningenunua kapi.

KUIRUDISHA

Rudisha winchi kwenye kitako chake, kaza bolti, funga waya kwa kufuata mchoro wako. Waya wa hasi wa betri uwe wa mwisho. Jaribu kwanza bila kamba, kwa sekunde chache, kwenda na kurudi. Kitufe kilichoandikwa kuvuta lazima kizungushe ngoma upande wa kuvuta.

Kamba hairudishwi ikiwa imelegea. Ikilegea, siku ya kuvuta tabaka la juu litajichimbia ndani ya la chini na kunasa. Funga ndoano kwenye mti, gari liwe kwenye kimwinuko kidogo, dereva akanyage breki kidogo tu, na gari lijivute polepole. Mtu mmoja asimame pembeni, mbali na kamba, aangalie mizunguko inavyojipanga. Ikipandana, simamisha, toa, anza tena.

Kisha andika tarehe kwenye kitabu cha gari. Baada ya hapo izungushwe kila mwezi kwa dakika moja, hata kama hakuna mvua. Gari likitoka mtoni, izungushwe siku hiyo hiyo, na kamba ioshwe kwa maji safi, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta kidogo kabla ya kukunjwa tena.