Sadaka haifuti deni

Leo tumtazame mtu tuliyemfahamu tangu shule ya Jumapili, Zakayo wa Yeriko. Kila mtoto anajua kwamba alikuwa mfupi na kwamba alipanda mkuyu ili amwone Yesu. Sisi watu wazima tujiulize alisema nini baada ya kushuka.

Luka 19:1-10 inatuambia Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, tena tajiri. Yesu alipoingia nyumbani kwake, alisimama akatamka mambo mawili. La kwanza, nusu ya mali yake anawapa maskini. La pili, kama kuna mtu alimtoza kwa hila, anamrudishia mara nne.

La kwanza tunalishangilia. La pili tunalipita haraka, na kumbe ndilo gumu. Katika Hesabu 5:7, Torati ilimtaka mtu anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kulipa mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza (Kutoka 22:1). Zakayo alijihukumu kama mwizi. Wala hakusema kwamba nusu aliyowapa maskini inatosha kuwafuta machozi aliowadhulumu. Sadaka aliiita sadaka, na deni aliliita deni.

Kuna tajiri mmoja anayetusaidia kuona kwa nini jambo hili ni zito. Andrew Carnegie alizaliwa Scotland mwaka 1835 katika familia ya mfumaji maskini, akahamia Marekani akiwa mtoto, akawa mfalme wa chuma cha pua. Mwaka 1889 aliandika makala akisema mwenye mali ni mtunzaji tu, na kwamba ni aibu kufa ukiwa umekumbatia utajiri wako. Aliunga mkono hata kodi kubwa kwenye urithi wa matajiri. Hakuishia maneno. Hadi anafariki mwaka 1919 alikuwa ametoa takriban dola milioni 350, na fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Tumpe heshima yake.

Lakini mwaka 1892, kwenye kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, uongozi ulitaka kupunguza ujira. Wafanyakazi walipogoma, meneja wake, Henry Clay Frick, aliwaleta walinzi wa kukodiwa wapatao 300. Julai 6 yalitokea mapigano, watu wasiopungua kumi wakafa. Carnegie alikuwa mbali, Scotland, lakini alikuwa amempa Frick baraka zake. Chama cha wafanyakazi kilivunjwa, na kazi ya saa 12 kwa siku ikawa ndiyo kawaida.

Mwaka 1898 Carnegie aliwafungulia watu wa hapo maktaba nzuri, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Sasa jiulize, mtu aliyesimama mbele ya tanuru saa 12 atasoma kitabu saa ngapi? Huyo alihitaji kwanza ujira wake na muda wa kupumzika. Yakobo 5:4 inatuonya kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa hupiga kelele, na kilio hicho humfikia Bwana. Maktaba, hata iwe nzuri namna gani, hainyamazishi kilio hicho.

Suala hili halikuisha na Carnegie. Mwaka 2010 Warren Buffett na Bill Gates waliwaalika matajiri wenzao waahidi kutoa angalau nusu ya mali zao. Nusu, kama Zakayo! Mwaka uliofuata, Buffett aliandika katika gazeti la New York Times kwamba kodi aliyolipa ilikuwa asilimia 17.4 ya kipato chake kinachotozwa kodi, wakati watu 20 wa ofisini kwake walilipa wastani wa asilimia 36. Hakuvunja sheria yoyote. Yeye mwenyewe aliomba sheria ibadilishwe, na kwa hilo tumsifu. Mtoaji mkubwa alitambua kwamba kutoa kwake hakumwondolei wajibu wa kulipa.

Tofauti yake ni hii. Anayetoa msaada huchagua ampe nani, lini na kiasi gani, kisha hushukuriwa. Anayelipa kodi au ujira hashangiliwi na mtu, kwa kuwa anatoa kilicho haki ya wengine. Ndiyo maana moyo wa binadamu hupenda kutoa kuliko kulipa.

Mpendwa, usidhani somo hili ni la mabilionea tu. Kwenye harambee zetu tunampigia makofi anayeahidi mifuko mia ya saruji. Je, vibarua wake wamelipwa? Na mimi na wewe tusiokuwa na saruji ya kuahidi, binti anayetusaidia kazi nyumbani amepata mshahara wa mwezi uliopita? Dukani tunatoa risiti, au tunakwepa kodi halafu tunalalamika zahanati haina dawa? Warumi 13:7 inatutaka tumlipe kila mtu haki yake, na kodi imetajwa hapo waziwazi.

Yesu hakuwakataza Mafarisayo kutoa zaka. Katika Mathayo 23:23 aliwaambia waendelee nayo, bila kuacha haki na rehema. Wahenga nao walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa yake ni sadaka.

Leo, kabla hujatia bahasha yako kapuni, mkumbuke mtu mmoja unayemdai Mungu akusamehe kwa ajili yake, kisha kesho Jumatatu mpelekee kilicho chake. Wokovu ulifika nyumbani kwa Zakayo siku ileile. Ufike na kwako.