Tamasha la sake Japani: Mtoto aone, asionje

Mzazi, ungekubali kumpeleka mwanao kwenye tamasha la pombe? Wengi wetu tungejibu "hapana" kabla swali halijaisha. Lakini kila Oktoba, katika mji wa Saijo mkoani Hiroshima, Japani, familia nzima hushuka kwenye treni, bibi na wajukuu wakiwemo, kwenda kwenye tamasha la sake, pombe ya mchele ya nchi hiyo.

Tamasha hilo lilianza mwaka 1990. Kwa siku mbili, mitaa iliyo karibu na stesheni hujaa ngoma, muziki na vibanda vya chakula. Viwanda vya sake, vyenye kuta nyeupe na mabomba marefu ya moshi ya matofali mekundu, hufungua milango kwa wageni. Katika uwanja maalumu, wenye tiketi huonja sake kutoka kila pembe ya nchi, aina zinazokaribia 1,000.

Jambo la kujifunza hapo ni namna jamii inavyoweza kumwonyesha mtoto ufundi wa wazee wake bila kumpa kikombe, na pia mahali ambapo jamii hiyo hiyo imeumia.

Ufundi ambao mtoto anaweza kuuona

Sake huanza na mchele, maji na ukungu. Mchele hukobolewa zaidi ya ule wa kula. Kwa sake ya daraja la juu iitwayo daiginjo, angalau nusu ya kila punje huondolewa. Kisha mchele huoshwa, hulowekwa na kupikwa kwa mvuke.

Sehemu ya mchele huo hunyunyiziwa ukungu uitwao koji, ambao hugeuza wanga kuwa sukari. Hamira nayo huila sukari hiyo na kutoa kileo. Kazi hizo mbili huendelea kwa wakati mmoja ndani ya pipa kwa wiki tatu hadi nne, kisha mchanganyiko hukamuliwa.

Saijo ilipata jina kwa sababu ya maji. Karne ya 19, watengenezaji wa Hiroshima walihangaika na maji yao yasiyo na chumvichumvi nyingi, ambayo hamira haikuyapenda. Mwenyeji wa mkoa huo, Miura Senzaburo, alifanya majaribio kwa miaka mingi, na mwaka 1898 akachapisha njia ya kuyatumia: kuivisha mchanganyiko polepole kwenye baridi. Mpaka leo wageni hujaza chupa zao maji ya visima vya viwanda hivyo.

Mtoto anaweza kuonyeshwa pia mpira mkubwa wa majani ya mti uitwao sugi, unaoning'inizwa mbele ya kiwanda. Ukiwa wa kijani, sake mpya imekamuliwa. Jinsi unavyogeuka kahawia, ndivyo sake inavyokomaa. Vikombe vya kuonjea vina miduara miwili ya buluu chini, ili mwonjaji apime uangavu wa kinywaji.

Desemba 2024, UNESCO iliingiza ufundi huu wa kutengeneza vileo kwa koji katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sake ipo kwenye harusi za jadi, ambapo bwana na bibi harusi hunywa mafunda matatu katika kila kimoja cha vikombe vitatu. Msomaji wa Kilimanjaro hatashangaa. Mbege ya ndizi na ulezi nayo ina nafasi yake harusini, na wazee wana utaratibu wake.

Kikombe kidogo, kileo kingi

Hapa ndipo afya inapoingia. Vikombe vya sake ni vidogo, hivyo mtu hudhani amekunywa kidogo. Lakini sake ina kileo cha takriban asilimia 15, mara tatu ya bia ya kawaida.

Piga hesabu. Vikombe vitano vya mililita 36 ni mililita 180, kipimo ambacho Wajapani hukiita go moja. Ndani yake mna takriban gramu 22 za kileo halisi, sawa na bia moja ya nusu lita. Anayeonja aina 20 kwa vikombe hivyo, akimeza kila kimoja, amekunywa kama bia nne.

Februari 2024, Wizara ya Afya ya Japani ilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu unywaji. Unasema hatari ya magonjwa yatokanayo na mtindo wa maisha huongezeka kwa mwanamume anayefikisha gramu 40 kwa siku, na kwa mwanamke gramu 20. Kwa mwanamke, go moja ya sake imeshavuka mstari. Shirika la Afya Duniani linakwenda mbali zaidi: mwaka 2023 lilisema hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Kuna jambo jingine la kimaumbile. Watu wengi wa Asia Mashariki, zaidi ya mmoja kati ya watatu, wamerithi mwili unaoshindwa kuondoa haraka sumu inayotokana na kileo. Wakinywa, uso huwa mwekundu na moyo hudunda. Wakiendelea kunywa, hatari yao ya saratani ya koo la chakula ni kubwa zaidi. Ini halijui kwamba kinywaji ni urithi wa dunia.

Mipaka iliyowekwa

Kwanza ni umri. Mwaka 2022 Japani ilishusha umri wa utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18, lakini umri wa kunywa pombe ukabaki 20. Kijana anaweza kupiga kura na bado asimiminiwe sake.

Pili ni barabara. Sheria haimkamati dereva mlevi peke yake. Aliyempa gari, aliyempa pombe akijua ataendesha, na hata abiria aliyepanda akijua, wote wanaweza kuadhibiwa. Ndiyo maana treni ni rafiki wa tamasha hili.

Tatu ni maji na chakula. Wajapani wana jina la maji yanayonywewa kati ya kikombe na kikombe: yawaragi-mizu, maji ya kulainisha. Waonjaji wa kazi, wanaopima sake nyingi kwa siku, huonja na kutema.

Palipouma

Tusipake rangi. Desturi ya kumiminiana, ambapo mtu hajimiminii bali humiminiwa na mwenzake, ni nzuri kwa heshima lakini ngumu kwa anayetaka kusema "imetosha". Vyuoni, wanafunzi wapya wamelazimishwa kunywa kwa mkupuo mmoja huku wenzao wakishangilia, na baadhi wamekufa. Tangu miaka ya 1990, wazazi waliopoteza watoto kwa namna hiyo wamekuwa wakifanya kampeni dhidi ya mchezo huo. Kijapani sasa kina neno la kumlazimisha mtu anywe: aruhara, unyanyasaji wa pombe.

Wazazi hao wanatuachia funzo kubwa kuliko la tamasha. Kumkataza mtoto nyumbani ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfundisha kukataa akiwa mbali nawe, mbele ya rafiki zake.

Unachoweza kufanya nyumbani

• Usimwonjeshe mtoto "tone tu" kwenye sherehe. Ubongo wake bado unakua, na anachojifunza ni kwamba kukua ni kunywa.

• Usimtume mtoto pombe dukani, wala usimfanye mmiminaji wa wageni.

• Mjamzito asinywe kabisa. Anayetumia dawa za usingizi au za kisukari amuulize daktari kwanza.

• Ukikutana na amazake, kinywaji kitamu cha Kijapani, uliza kimetengenezwa na nini. Cha koji na mchele hakina kileo, na watoto hunywa. Cha machicha ya sake kinaweza kubaki na kileo kidogo.

• Mgeni akisema hanywi, mpe maji au juisi bila kumuuliza sababu. Mtoto wako anatazama.

Na akikuuliza kwa nini wakubwa wanakunywa kitu asichoruhusiwa, usimfukuze. Mweleze kinavyotengenezwa, kinavyofanya kazi mwilini na kwa nini wewe mwenyewe una kiwango, au hunywi. Kisha mfanyie zoezi la kusema "hapana, asante" kwa sauti ya kawaida, mara tatu, mpaka acheke. Siku atakapoihitaji sentensi hiyo, huenda wewe haupo.