Wanaume Wasiohesabiwa wa Nchi ya Chai

Anayedai kwamba Kericho na Bomet, nchini Kenya, hakuna wanaume wanaopenda wanaume wenzao aulizwe kwanza ni nani aliyewahi kuwatafuta. Nchi ya majani chai haijakosa watafiti. Mji wa Kericho ulikuwa kituo kimoja cha uchunguzi wa maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI uliochapishwa mwaka 2016, pamoja na Kampala, Mbeya na Thailand, uliofuatilia watu 2,276 ambao hawakuwa na virusi. Thailand waliandikishwa wanaume wanaolala na wanaume. Huku kwetu waliandikishwa zaidi wanawake wanaouza ngono. Kwa hiyo pengo katika takwimu zetu limetokana na nani alialikwa, wala halithibitishi kwamba wanaume hao hawapo.

Walikotafutwa walionekana. Utafiti wa Mombasa uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha wanaume 285, na 171 kati yao walikuwa wakilala na wanawake pia. Virusi vilikutwa kwa asilimia 43.0 ya waliolala na wanaume peke yao, na asilimia 12.3 ya hao wengine. Kundi hili la pili ndilo linalovuruga hesabu, kwa kuwa mwanamume mwenye mke na watoto hujitambulisha kama mume na baba, basi. Japani nako, ambako sheria haimfungi mwanamume kwa kulala na mwanamume mwenzake, shinikizo la ukoo limewasukuma wengi kuoa. Kujua mtu anajiitaje, basi, si kujua analala na nani. Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, wana ushahidi wa hilo: mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake na kuitwa mume ili boma lipate mrithi, na kitanda hakikuhusika.

Wapo watakaosema tabia hii imeletwa na wageni. Tukitafuta jibu katika jeni, utafiti wa mwaka 2019, uliopima watu zaidi ya 470,000, haukupata jeni moja inayoamua. Ulikuta nyingi zenye athari ndogo, zikichangamana na mazingira. Lakini waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, kwa hiyo hautoshi kuisemea Bomet upande wowote. Wengine watahoji: mbona hawajitokezi? Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya kinatishia kifungo cha miaka 14, na Mahakama Kuu ilikiacha kisimame tarehe 24 Mei 2019. Katika hofu hiyo, zahanati za mashamba ya chai ziulize kwa siri mtu amelala na nani, bila kumlazimisha ajipe jina lolote.