Je, Wajua? Maji ya Ardhini Yana Sheria Yake

Je, wajua kwamba maji yaliyo chini ya kiwanja chako si mali yako? Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inatamka kuwa maji yote, ya mtoni na ya ardhini, ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Kenya nayo, kwa Sheria ya Maji ya 2016, imeyakabidhi kwa serikali ya kitaifa iyatunze kwa niaba ya wananchi.

Je, wajua kwamba hati ya kiwanja haikupi ruhusa ya kuchimba kisima kirefu? Tanzania Bara, kibali hutolewa na bodi ya maji ya bonde. Kuna mabonde 9, na mipaka yake hufuata njia ya maji, si mipaka ya mikoa. Bonde la Pangani pekee linagusa Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga.

Je, wajua kwamba sheria ya Tanzania inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 za chanzo cha maji?

Je, wajua kwamba Dodoma hunywa mvua za miaka iliyopita? Kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora vinavyolisha jiji hilo, zilizochapishwa mwaka 2013, zilionyesha kuwa misimu 7 tu ya mvua kubwa ilileta takriban asilimia 60 ya maji yote yaliyoingia ardhini. Ule wa El Niño, 1997/98, peke yake ulileta takriban asilimia 20. Mvua kama hiyo isipokuja, kina cha maji hayo hushuka mwaka hadi mwaka, huku pampu zikiendelea kuvuta.

Je, wajua kwamba sehemu ya maji ya Mombasa huanzia Vilima vya Chyulu? Mvua hupenya kwenye miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini, huibuka kwenye chemchemi za Mzima, kisha bomba huyapeleka pwani. Anayekata miti Chyulu anagusa mtungi wa Mombasa.

Je, wajua kwamba pwani maji baridi huelea juu ya maji ya bahari? Kwa kanuni, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 chini yake. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kikishaingiwa na chumvi huchukua miaka mingi kupona.

Je, wajua kwamba maji maangavu yanaweza kudhuru? Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Arusha na Kilimanjaro visima vingi huzidisha, na meno ya watoto hubadilika rangi. Pima kabla ya kunywa.

Je, wajua kwa nini kibali ni kinga yako? Bodi isiyojua visima vingapi vinavuta haiwezi kumzuia jirani anayekausha chako. Kisima kilichoandikishwa kinahesabiwa, na kinachohesabiwa ndicho kinacholindwa.