Je, Kompyuta Yaweza Kuwa Mshenga?

Mwaka 1965 wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, walianzisha huduma waliyoiita Operation Match. Kijana aliyetaka kupata mwenzi alijaza dodoso lenye maswali 75. Aliyajibu mara mbili: kwanza kwa kujieleza mwenyewe, na kisha kwa kumweleza mtu amtakaye. Dodoso hilo alilituma pamoja na ada ya dola 3. Majibu yalihamishiwa katika kadi za kutobolewa, na kompyuta ikayalinganisha na kutoa orodha ya majina. Huko Uingereza Joan Ball alikuwa amekwisha kuanzisha huduma ya namna hiyo mwaka 1964. Wazo la kuipa mashine kazi ya ushenga lina umri wa zaidi ya nusu karne, na tangu mwanzo liliambatana na ada.

Kilichobadilika ni ukubwa wa shughuli yenyewe. Match.com ilianza mwaka 1995, eHarmony mwaka 2000, na Tinder, itumiwayo katika simu za mkononi, mwaka 2012. Michael Rosenfeld wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba, kati ya wapenzi wa jinsia mbili wa Marekani waliokutana mwaka 2017, asilimia 39 walikutana kwa njia ya intaneti. Waliokutana kwa kujulishana na marafiki walikuwa wachache kuliko hao. Kwa mujibu wa uchunguzi wa taasisi ya Pew wa mwaka 2022, watu wazima 30 katika kila 100 nchini humo walikuwa wamewahi kutumia huduma hizi, na zaidi ya theluthi moja ya watumiaji hao walikuwa wamewahi kulipa. Inafaa kuuliza walichonunua.

Kutafuta na kulinganisha

Katika desturi za uchumba za Waswahili, wazee na mshenga hufanya kazi mbili zilizo tofauti. Ya kwanza ni kujua ni wapi kuna mtu asiye na mchumba. Ya pili ni kupeleleza tabia na ukoo, ili kukadiria kama wawili hao watapatana. Tovuti za uchumba hudai kuzifanya kazi zote mbili, lakini ushahidi wa kila moja una uzito wake.

Kuhusu kazi ya kwanza hakuna ubishi mkubwa. Mtu aliyehamia mji mgeni, mjane mwenye umri wa miaka 50, au mtu ambaye rafiki zake wote wamekwisha kuoa, huweza kuwaona kwa jioni moja watu wengi ambao asingekutana nao kwa mwaka mzima. Kompyuta ina kumbukumbu pana kuliko mshenga yeyote.

Kazi ya pili ndiyo yenye mashaka. Mwaka 2012 Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wanasaikolojia wenzake walichapisha tathmini ndefu ya madai ya kampuni hizi. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kanuni za hesabu za kulinganisha watu huleta wapenzi wanaopatana kuliko waliokutana kwa njia nyingine. Kampuni zilikuwa zimezificha kanuni zao, hivyo wataalamu wa nje hawakuweza kuzipima. Zaidi ya hayo, dodoso hujazwa kabla ya watu kukutana, ilhali uhusiano hujengwa au huvunjwa na mambo yanayotokea baadaye: namna wawili wanavyozungumza, wanavyosuluhisha ugomvi, na wanavyostahimili maradhi au kukosa kazi.

Jaribio la Samantha Joel na wenzake, lililochapishwa mwaka 2017, liliingia ndani zaidi. Washiriki walijibu maswali zaidi ya 100 kuhusu tabia zao na mambo wanayoyapenda, kisha wakakutana wawili wawili kwa dakika 4 kila mara. Mvuto kati ya watu waweza kugawanywa katika sehemu tatu. Wako watu wanaopendwa na wengi. Wako wanaopenda kwa wepesi. Na kuna mvuto wa pekee wa huyu kwa yule. Kompyuta iliweza kubashiri kiasi fulani cha sehemu mbili za kwanza. Sehemu ya tatu haikuweza kuibashiri hata kidogo, na hiyo ndiyo bidhaa inayotangazwa.

Mwaka 2014 tovuti ya OkCupid ilikiri kwamba ilikuwa imefanya jaribio kwa wanachama wake bila kuwaarifu kwanza, jambo ambalo watafiti wa vyuo vikuu hawaruhusiwi kulifanya kwa urahisi hivyo. Watu waliokadiriwa kulingana kwa asilimia 30 tu waliambiwa kwamba wanalingana kwa asilimia 90. Walipoonyeshwa kiwango cha kweli, uwezekano wa barua moja kuendelea kuwa mazungumzo ya barua 4 ulikuwa asilimia 10. Walipodanganywa ulifika 17. Kwa wale waliolingana kwa asilimia 90 kweli na kuambiwa hivyo, ulikuwa 20. Sehemu kubwa ya nguvu ya kanuni ilitokana na kuaminiwa kwake. Hata hivyo, barua nne si ndoa.

Uchunguzi unaotajwa sana na watetezi wa huduma hizi ni ule wa John Cacioppo na wenzake wa mwaka 2013, uliohusu watu zaidi ya 19,000 waliooana kati ya mwaka 2005 na 2012. Ndoa za waliokutana kwa intaneti zilikuwa zimevunjika kwa asilimia 6 hivi, na nyingine kwa asilimia 7.7. Tofauti ni ndogo, na gharama zililipwa na eHarmony, kama watafiti wenyewe walivyoeleza. Mwezi Januari 2018 Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ya Uingereza iliizuia kampuni hiyo kutangaza kwamba mfumo wake umethibitishwa kisayansi.

Ada hununua nini?

Kwa kawaida ada haimpatii mwanachama kanuni iliyo bora. Humpatia ruhusa ya kusoma na kujibu barua, kuwaona waliopendezwa naye, au picha yake kutangulizwa mbele ya nyingine. Ruhusa ya mwisho ina kasoro ya kihesabu: kila mtu akilipa ili awe mbele, hakuna aliye mbele. Tena katika uchunguzi wa Pew, wanawake 54 kati ya 100 waliotumia huduma hizi mwaka uliotangulia walisema walilemewa na wingi wa barua, na wanaume 64 walisema uchache wa barua uliwatia unyonge. Kumpelekea aliyelemewa barua nyingine ni msaada hafifu.

Wala bei haifuati gharama ya huduma. Tinder ilipoanzisha huduma ya kulipia nchini Marekani mwaka 2015, wenye umri wa chini ya miaka 30 walitozwa dola 9.99 kwa mwezi na waliozidi hapo dola 19.99, kwa huduma ile ile.

Ni kweli kwamba, katika uchunguzi wa Pew, waliolipa walioridhika walikuwa asilimia 58, na wasiolipa asilimia 50. Lakini alipaye huenda ndiye aliyekuwa na nia thabiti tangu awali. Na ada si ngao dhidi ya matapeli. Mwaka 2022 karibu Wamarekani 70,000 waliripoti utapeli wa mapenzi, wakiwa wamepoteza jumla ya dola bilioni 1.3, nusu yao walipoteza zaidi ya dola 4,400. Anayetazamia pato kama hilo hazuiliwi na ada ya dola 20.

Kwa hiyo cha kupima kabla ya kulipa ni idadi: watu wangapi wa rika linalotakiwa, walio umbali wa kufikiwa, wanaitumia tovuti hiyo wiki hii. Wakiwa kumi, ada haitawafanya ishirini. Wakiwa mamia, malipo ya mwezi mmoja yatosha kwa majaribio, na ni vema kusoma masharti ya kujitoa siku ile ile ya kujiunga, kwa kuwa mikataba mingi hujirudia yenyewe. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Match Group, ikidai pamoja na mambo mengine kwamba ahadi yake ya miezi 6 ya bure kwa asiyepata mwenzi ilikuwa na masharti yasiyoelezwa wazi, na kwamba kujitoa kulikuwa kugumu. Mwezi Agosti 2025 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 14, kuyaweka masharti ya ahadi hiyo bayana, na kurahisisha njia ya kujitoa.